Usifyeke Msada: Hotuba kwa Kamati za Maliasili na Wakulima wa Iringa

Ndugu Mwenyekiti, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wajumbe wa kamati za maliasili, walimu, wazee wetu, kina mama na vijana: kamwene!

Tumepewa nafasi ya kuzungumzia mmea mmoja tu, na tumechagua ambao hapa hakuna atakayeomba aonyeshwe picha yake. Ni msada. Watoto wanaochunga mbuzi wanajua kila msada ulipo kuanzia barabarani hadi kilimani, na upi una masada matamu na upi una makali. Sisi watu wazima tunaujua kwa namna nyingine: shamba likisafishwa, msada ndio wa kwanza kupigwa panga. Hautoi mbao, hautoi nguzo, na kuni zake ni vijiti. Basi unafyekwa, na mwaka unaofuata unachipua, na unafyekwa tena.

Hoja yetu ni fupi. Kichaka hiki kinalisha wanyama na ndege wengi kuliko umbo lake linavyoonyesha, na njia ya bei ndogo kabisa ya kukiongeza ni kuacha kukifyeka kila mwaka. Mingi ya misada mnayodhani imekwisha bado iko ardhini, visiki vyake vina uhai. Ya kitalu tutayasema pia, kwa sababu tunajua mtauliza, lakini kitalu si mahali pa kuanzia.

Tuanze na kuutambua vizuri, maana kuna nduguze wanaofanana nao. Wataalamu wanauita Vangueria infausta, na huu wa Afrika Mashariki wanaupa nyongeza ya rotundata. Jina la Vangueria infausta lilichapishwa na Burchell, Mwingereza aliyesafiri kusini mwa Afrika, mwaka 1824. Neno infausta ni Kilatini, maana yake ni isiyo na bahati, yenye nuksi. Kusini huko wapo wanaoamini kuwa kuni zake zinaleta mkosi. Kama imani hiyo ingekuwa hapa kwetu, pengine tungekuwa na misada mingi zaidi.

Ni wa ukoo mmoja na kahawa. Mwenye mbuni nyumbani ataelewa haraka: shika tawi la msada, utaona majani yamekaa mawili mawili, moja likikabili jingine, na katikati ya vikonyo viwili kuna kijijani kidogo chenye ncha, kama cha kwenye mbuni. Tofauti iko mkononi. Jani la mbuni linateleza, lina mng'aro. Jani la msada lina manyoya mafupi pande zote, ukilipapasa ni kama mahameli. Nduguze wenye majani laini yasiyo na manyoya ni aina nyingine, ingawa matunda yanafanana, na kwingine wote huitwa mviru. Mara nyingi utakuta majani ya msada yana vivimbe na manundu. Si ugonjwa wa kuogopa. Husababishwa na utitiri wadogo wasioonekana kwa macho, na mti unaendelea kuzaa. Msipulizie dawa. Dawa itaua nyuki kabla ya kumfikia huyo utitiri ndani ya nundu lake.

Kwa kawaida ni kichaka au mti mdogo wa mita 3 hadi 7, wenye mashina kadhaa kutoka chini. Unapukutisha majani kiangazi. Unapenda miteremko ya mawe, vichuguu, na miombo iliyo wazi. Haupendi kutuamisha maji miguuni, kwa hiyo mwenye kutaka kuupanda kwenye kinyungu, ile bustani ya bondeni penye maji, asijisumbue. Na ninyi mliotoka kwenye baridi kali ya Mufindi juu au Makete, huu si mti wenu wa kwanza kufikiria. Nyanda za juu kabisa, kama Kitulo, zina vichaka vyake vya matunda, na misitu ya Rungwe ina miti yake inayomlisha kipunji, yule nyani mwenye kishungi aliyetangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005. Hayo yanahitaji hotuba yake.

Sasa tuje kwenye ulaji, maana ndipo thamani yake ilipo.

Chukueni tunda moja kati ya haya yaliyo mezani. Ukubwa ni wa ndimu ndogo. Bichi ni la kijani linalong'aa. Likiiva linageuka rangi ya kahawia hafifu, kama udongo mkavu wa njiani, na huku chini lina duara dogo lililobaki pale ua lilipokuwa. Libonyeze kwa dole gumba. Likibonyea bila kupasuka, limeiva. Likibaki gumu lirudishe, litakukausha mdomo. Lipasue. Ganda ni jembamba, nyama yake ni ya kahawia, laini, yenye ungaunga, tamu yenye uchachu kidogo. Ndani kuna kokwa, kwa kawaida 3 hadi 5. Itoe moja uiume taratibu: ni ngumu kama mti. Kila kokwa imeficha mbegu moja.

Kokwa hiyo ndiyo inayoamua ni mnyama gani ana faida kwa msada na yupi anakula bure. Shore au kuzumburu akitua juu ya tunda lililoiva anadonoa nyama tu, kokwa ni kubwa kwa koo lake. Anashiba, kokwa inaanguka palepale chini ya mama yake, mahali penye kivuli na mizizi ya kugombania maji. Panya akiipata hapo chini anaitafuna hadi kuifikia mbegu. Huyo anapunguza. Lakini nyani anajaza mashavu, anaondoka, anatema kokwa nyingine njiani na nyingine anazimeza, na kesho zinatoka na kinyesi chake juu ya jabali au pembeni mwa kichuguu umbali mrefu kutoka pale. Tumbili anafanya hivyohivyo kwa umbali mfupi zaidi. Komba anakuja usiku. Nsya, pongo na nguruwe pori hawapandi, wanasubiri yaliyoanguka, na kwa kuwa masada hayaivi yote siku moja bali yanaanguka machache machache, mti mmoja unakuwa na wageni wa chini kwa wiki kadhaa.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu watu huuliza, "Tukilinda msada, nyani nao tuwalinde?" Jibu ni kwamba pale ambapo wanyama wa kumeza kokwa wamekwisha, misada iliyopo itazeeka ikiwa imezungukwa na kokwa zake zenyewe. Kilima kitaonekana kina msada, kumbe hakuna mtoto hata mmoja. Tembeeni kwenye kilima chenu muangalie. Mkiona mashina makubwa tu, bila miche ya kufika gotini, mjue kuna kiungo kilichokatika, na mara nyingi ni mnyama, mbuzi au moto.

Majani nayo yana walaji. Tandala wanayala, mbuzi wanayapenda, na kwa wenzetu wa upande wa Idodi na Pawaga wanaopakana na Ruaha, tembo huvunja matawi na kula. Viwavi wa baadhi ya nondo wakubwa wanakulia kwenye majani hayo, na viwavi hao ndio chakula cha makinda ya ndege ambao mnawaona wakila inzi na wadudu shambani. Maua ni madogo, ya kijani yenye unjano, hayavutii macho ya mtu. Yanatoka kwa vishada kwenye matawi yaliyokomaa mwishoni mwa kiangazi, kati ya Septemba na Novemba, majani yakiwa yanaanza tu au hayajatoka. Mfuga nyuki anaelewa maana ya ua linalofunguka wakati nyasi zote zimekauka na mvua haijagusa ardhi. Matunda yanakuja kifuku kikishakolea, na yanaendelea kuiva mvua zikielekea kukatika.

Shikeni miezi hiyo, Septemba hadi Novemba, kwa maana sasa tunaingia kwenye moto.

Moto wa mwanzo wa kiangazi, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi ubichi, unapita chini na haupandi. Msada unaungua magamba, unabaki. Moto wa Septemba na Oktoba unakuta nyasi kavu kabisa, upepo mkali, na maua yamefunguka. Unakwenda juu kama mnavyouona usiku kwenye milima yetu. Mti hautakufa, kisiki kitachipua kikipata mvua, na hilo ndilo linalotudanganya. Tunasema "umechipua, hauna neno." Lakini maua ya mwaka huo yamekwenda, na zaidi ya hapo matawi yaliyokomaa yamekwenda. Chipukizi la mwaka mmoja halizai. Linahitaji kukomaa kuwa tawi kwanza. Kilima kinachoungua kila Oktoba kinaweza kuwa na misada elfu isiyotoa tunda hata la kumpa mtoto mmoja. Hesabu ni hiyohiyo kwa kwanja: anayefyeka mpaka wa shamba kila mwaka anazalisha vichipukizi, hazalishi masada.

Kwa hiyo, wajumbe wa kamati, kabla ya kununua hata kiriba kimoja cha kukuzia miche, angalieni sheria ndogo za kijiji chenu zinasema nini kuhusu tarehe za kuchoma. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wake. Tarehe ya moto ni sehemu ya usimamizi huo. Andikeni mwezi. Maneno kama "kuchoma kwa utaratibu" hayamzuii mtu mwenye kiberiti.

Sasa kisiki. Wenzetu wa Dodoma wana jina zuri kwa kazi hii ya kutunza vichipukizi vya kisiki, wanaiita kisiki hai, na utaratibu wao unaufaa msada kabisa.

Utafute Julai au Agosti, mti ukiwa umepukutika na unaona vizuri mashina. Kisiki kilichofyekwa mara nyingi kina vichipukizi 15, 20, vyote vyembamba, vinavyogombana. Chagua vitatu, visizidi vitano. Chagua vinene, vilivyonyooka, vinavyotoka chini karibu na ardhi. Kile kinachotoka juu ya kisiki kilichooza msikichague hata kama ni kirefu, kitapasuka na upepo kikibeba matunda. Visivyochaguliwa vikatwe karibu kabisa na shina, mkato wa mshazari ili maji yasitulie. Katika vile vilivyobaki, ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Msipite nusu. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kuupogoa hadi ukabaki na kishungi juu kama mkia wa ng'ombe, akidhani atapata mti mrefu. Anapata kijiti kinachoinama.

Funga kitambaa chenye rangi ya kuonekana kwenye shina moja. Hii inaonekana ni mzaha, lakini kitambaa ndicho kinachomwambia kibarua na mchungaji kwamba hapa kuna mwenyewe. Palilia nyasi kuzunguka, mita moja kila upande, kabla ya Septemba, ili moto ukija usipate cha kushika. Matawi uliyokata yenye majani au miiba ya mti mwingine yarundike pembeni kuzuia mbuzi, lakini yasiegemee shina, yatakuwa kuni za kuuchoma mti wako mwenyewe. Mwaka wa pili rudi, ondoa vichipukizi vipya. Hutamwagilia, hutanunua mbolea. Kisiki kina mizizi ya mtu mzima.

Palipo na visiki, kazi imekwisha. Pasipo na visiki kabisa, ndipo tunaongelea mbegu.

Okoteni masada yaliyoanguka yenyewe, kutoka miti mingi tofauti, angalau kumi, msichume yote mti mmoja kwa sababu una matunda makubwa. Yalowekeni usiku mmoja kwenye ndoo, kisha yavurugeni kwa mikono pamoja na mchanga mkavu kidogo hadi nyama yote iachie. Suuzeni mara mbili tatu. Kokwa zinazoelea zitupwe, mara nyingi ni tupu au zimetobolewa. Zianikeni kivulini juu ya kitambaa au mkeka. Juu ya bati juani ni kuzipika. Mwenye kupanda tunda zima anajipa kazi bure: nyama inachacha, siafu na sisimizi wanakuja, panya anafuata harufu.

Kabla ya kusia, zilowekeni tena saa 24 kwenye maji ya kawaida. Tuta liwe la mchanga na udongo wa msituni, lisilotuama. Fukieni kina cha sentimita 1 hadi 2, mwagieni, wekeni kivuli cha nyasi. Halafu subira, na subira hapa ina gharama. Kokwa za msada haziamki pamoja. Chache zitachomoza baada ya wiki kadhaa, nyingine zitakaa miezi, na vitalu vingi vya msada vimevunjwa na watu waliokata tamaa mapema wakapanda mipaina kwenye tuta lilelile. Acheni tuta lipite msimu mzima. Anayetaka kuharakisha anaweza kukwangua ncha ya kokwa kwa tupa au jiwe kali hadi uone mwanzo wa mbegu bila kuigusa, lakini kazi hiyo inafaa kwa kokwa 50, si kwa debe.

Mche ukiwa na majani manne uhamishieni kwenye kiriba. Udongo wa msituni mafungu matatu, samadi iliyooza fungu moja, mchanga fungu moja. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Maji asubuhi tu, na udongo wa juu uachwe ukauke kidogo kabla ya kumwagia tena. Kinachoua miche mingi zaidi ni kinyausi: shina linalainika pale linapogusana na udongo, mche unalala, na mtunza kitalu akiuona umelala anaongeza maji. Hapo amemaliza kazi ya ugonjwa. Ukiona mmoja umelala, punguza maji, ondoa kivuli kidogo, tenganisha viriba hewa ipite.

Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punguzeni kivuli hadi miche ikae juani siku nzima. Mche wa sentimita 20 hadi 30 unatosha. Upandwe mvua zikishashika, udongo ukiwa umelowa kina cha mkono, si mvua ya kwanza ya kudanganya ya Novemba. Shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu urudi chini. Mita 4 au 5 kati ya mti na mti. Mchwa ni tatizo la kiangazi cha kwanza, na wengi hulisababisha wenyewe kwa kurundika nyasi kavu hadi zinagusa shina. Weka matandazo, lakini acha kiganja kimoja wazi kuzunguka mche.

Wapi pa kupanda ni swali gumu kuliko namna ya kupanda, na hapa tutasema jambo ambalo baadhi ya wapenda hifadhi hawalipendi. Kuna wanaowaambia wakulima kwamba wakipanda matunda pori kando ya shamba, nyani watashiba huko na kuacha mahindi. Hawajawahi kulinda shamba. Masada yanaiva wakati uleule mahindi yana maziwa au yanakauka. Nyani aliyekuja kwa ajili ya msada ulio mpakani ameshafika nusu ya safari, na mahindi anayaona. Msada wa wanyama uwe kilimani, kwenye vichuguu vya porini, kando ya makorongo yasiyolimwa, mbali na mahindi. Ule wa nyumbani uwe karibu na nyumba palipo na mbwa na watu. Katikati hapo, kwenye ukingo wa shamba linalogusa pori, acheni iliyopo ya asili kama haijawaletea shida, lakini msiongeze.

Kuhusu kuchuma, tumeona vijana wanavunja matawi wapate kuwahi soko. Tawi lililovunjwa ndilo lingezaa mwakani. Na anayetikisa mti ili yaanguke mabichi anauza masada makali, mteja hatarudi. Okota yaliyoanguka, chuma yaliyobonyea, na ya juu kabisa yaacheni. Si lazima tupige hesabu ya asilimia: yale usiyofikia ukiwa umesimama chini ni ya ndege na komba. Wanaochimba mizizi kwa dawa wachukue mzizi mmoja wa pembeni na kufukia, mzizi mkuu ukikatwa hata kisiki hai hakitasaidia.

Swali la mwisho ambalo tumeletewa kwenye karatasi kabla ya kikao: mwenye eneo la mipaina afanye nini? Chini ya mipaina iliyofunga kivuli, msada hautazaa, tusidanganyane. Lakini hakuna shamba la mipaina lisilo na njia za moto, makorongo, majabali na kingo za mito ambazo hazipandwi. Fyekeni nyasi, acheni vichaka vya matunda visimame. Visiki vilivyomo humo hesabuni kabla ya kibarua hajaingia na kwanja, na kila kimoja kifungiwe kitambaa.

Tumeleta mapanga matano na mikasi miwili. Pale nyuma ya ofisi ya kijiji, kwenye kile kichuguu, kuna msada uliofyekwa mara nyingi, tumehesabu vichipukizi 23. Tugawane makundi ya watu sita sita, kila kundi lichague vitatu vyake na liseme kwa nini, kabla hatujakata hata kimoja. Wenye mapanga yenye kutu, jiwe la kunolea liko kwenye beseni.